Mama alivyopimwa kwa kiti na saa

Mama alipopata kiharusi mwaka jana, upande wake wote wa kulia ulilegea. Baada ya kutoka wodini tukapangiwa kliniki ya fiziotherapia. Siku hiyo nikaacha biashara ya bajaji, nikamtoa Mbagala alfajiri, kichwani nikiwa na jambo moja tu: mazoezi. Majirani walishaniambia mgonjwa wa kupooza asiponyooshwa mapema, viungo vinakauka.

Kumbe siku ya kwanza ni maswali. Dada mtaalamu wa fiziotherapia alimwamkia mama, akavuta kiti, akaanza. Dawa za presha anameza kila siku au akijisikia vibaya tu? Choo kiko ndani au uani? Kitanda kina urefu gani kutoka chini? Mimi natazama saa, nawaza hesabu ya tajiri wa bajaji.

Kisha akapima. Mguu akaupa alama 3 kati ya 5: unainuka wenyewe, ila ukikandamizwa kidogo unashuka. Akamwomba mama ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Sekunde 41. Akanieleza kwamba mzee akifika 12 au zaidi huhesabiwa yuko kwenye hatari ya kuanguka. Lakini kilichoniduwaza ni pale sekunde zilipoliwa. Si kwenye kutembea, ni kwenye kuinuka! Mama alijisukuma mara tatu ndipo akabanduka kitini, mwili wote kaulalia kushoto. Na mimi nyumbani nilikuwa namwinua kwa kumvuta mkono uleule mlegevu. Nikakatazwa palepale, maana misuli ya bega imelegea, ukivuta unaweza kulitegua. Hata fimbo niliyonunua ilikuwa ndefu. Mpini unatakiwa uishie usawa wa kifundo cha mkono. Seremala wa mtaani akaikata.

Swali la mwisho: "Mama, unataka uweze kufanya nini?"

Nikadakia, "Atembee."

Dada hakunijibu, akamsubiri mama. Mama, ulimi bado mzito, akasema anataka aende chooni usiku bila kumwamsha mkwe wake. Tunaishi nyumba moja na sikuwahi kumuuliza.

Basi mazoezi yakafuata njia ya choo. Nikatumwa kupima kizingiti cha mlango wa uani: sentimita 17. Kliniki wakamwekea kibao cha kimo hichohicho apande na kushuka. Nyumbani ikawa kuinuka kitini mara 10 asubuhi, 10 jioni, kwanza kiti kikiwa na mto ili kiwe juu, baadaye bila mto. Nikachora mita 3 sakafuni kwa chaki, na kila Jumapili nampima kwa simu, naandika daftarini. 41, 38, 36, halafu ghafla 43. Kuuliza, kumbe ameacha dawa za presha kimyakimya, eti zinamchosha. Hatukungoja siku ya miadi. Tulipofika, presha ilikuwa juu sana. Bila daftari ningesema tu kaamka vibaya.

Mwezi wa nne wa mazoezi akafika sekunde 22. Bado iko mbali na 12, na dada hakutuficha hilo.

Juzi usiku nikasikia fimbo inagonga kizingiti. Nikakaa kitandani, nikaanza kuhesabu kwa sauti ya chini. Mama akasikia.

"Lala wewe. Chooni hakuna mashindano."