Modeli yangu ilipoganda barafu

Wiki tatu nzima modeli yangu haikuvuka siku ya pili. Nilikuwa Trondheim, Norwei, namalizia shahada ya uzamili, na kazi niliyojitwisha ilikuwa kuiga kwenye kompyuta jaribio la Wajapani la Machi 2013 la kuvuna gesi chini ya bahari huko Nankai, kusini mwa Japani. Pale bahari ina kina cha mita kama 1,000, na mita 300 hivi chini ya sakafu yake mchanga umejaa hidrati: methani iliyofungiwa katika vizimba vya maji, ukiiona utasema ni barafu tu. Haichimbwi kama makaa. Unavuta maji kisimani, presha inashuka, hidrati inavunjika na gesi inapanda. Mita moja ya ujazo ya hidrati hutoa gesi mita za ujazo zipatazo 160, na hesabu hiyo ndiyo iliyoniponza. Nikajiambia, nikishusha presha zaidi nitavuna zaidi. Nikaweka presha ya kisimani megapaskali 2, yaani kama mara 20 ya presha ya hewa ya kawaida.

Nawasha jioni, asubuhi nakuta programu inajikokota: kila hatua ya hesabu inasogeza saa ya modeli kwa sehemu ya elfu ya sekunde tu. Nikalaumu programu, nikalaumu kompyuta. Mwishowe nikakaa nikasoma faili la matokeo namba kwa namba, kuanzia ukutani mwa kisima. Joto: sifuri. Na safu ya namba za barafu, ambayo sikuwahi hata kuitupia jicho, imejaa.

Nikakumbuka mtungi mdogo wa gesi wa nyumbani. Ukichemshia maharage kwa moto mkali, mtungi unatoka jasho, ukiugusa ni baridi kama soda ya friji. Gesi inapotoka hula joto la mtungi. Hidrati nayo inapovunjika hula joto la mchanga unaoizunguka, na presha ikishuka chini ya megapaskali 2.6 hivi, haiachi kuvunjika hata joto likifika sifuri. Maji yake yanaganda palepale, yanaziba njia ya gesi. Tamaa mbele! Nikapandisha hadi 3, kiwango walicholenga Wajapani wenyewe (baharini waliishia kwenye 4.5). Ikavuka.

Ila grafu ya gesi ilikuja na meno ya msumeno. Vijisehemu nilivyougawa mchanga kwa ajili ya hesabu vilikuwa na upana wa mita moja, na kila kimoja kilipoishiwa hidrati gesi iliruka kisha ikaporomoka. Nikavikata hadi sentimita 5 karibu na kisima, vikipanuka kadiri unavyokwenda mbali. Hesabu ikala siku tisa, lakini mstari ukalainika.

Jaribio lenyewe lilitoa wastani wa mita za ujazo 20,000 kwa siku kwa siku sita, mchanga ukaingia kisimani, wakasimamisha. Modeli yangu haikujua kwamba mchanga husogea, basi ikaendelea kutoa gesi kwa raha zake. Profesa akachukua penseli, akapiga mstari wima kwenye siku ya sita.

“Kuanzia hapa unaota,” akasema.

Mstari ule niliuacha kwenye tasnifu, pembeni nikaandika neno moja: mchanga.