Chenga zipo palepale penye damu

Jumamosi nimepata deki ya mikanda ya video hapa Dodoma, Majengo kwa fundi redio mmoja, kaniachia kwa 25,000 maana kwake ilikuwa inakula nafasi tu mezani, na inapiga kazi kabisa ukishasafisha kichwa kwa pamba na spiriti. Nimefika nayo nyumbani Nkuhungu wife kauliza hii nayo ya nini wakati muvi zote zipo kwenye simu, nkamwambia subiri usiku. TV ya chogo tunayo bado, sijawahi kukubali iuzwe. Afu nkatoa mkanda wa dude la baharini nlioutunza toka enzi za baba mdogo. Naulizwa sana kwanini mtu mzima na familia yake anapenda muvi za madude na damu kila kona, tena kwenye mkanda, na sijawahi kujibu vizuri, ngoja leo nijaribu.

Nilianza kuziona nikiwa darasa la pili, mtaa wa Kikuyu hapa hapa Dodoma, sebuleni kwa baba mdogo. Bara enzi hizo hakuna kituo cha TV, ITV imekuja 1994, kwahiyo mtu akinunua TV amenunua kwa ajili ya deki na mtaa mzima unahamia kwake. Watoto mkekani, wakubwa kwenye makochi, waliochelewa dirishani. Kingereza hatujui na wa kututafsiria hayupo, ila muvi ya dude wala haihitaji, dude limetoka kwenye maji limemmeza mwenye boti, umeelewa kila kitu. Mkanda wenyewe ulikuwa unachaguliwa kwa kava, kadiri meno yalivyo mengi kwenye kava ndivyo tunavyomsumbua baba mdogo akakodi. Umeme nao ukikatika katikati mkanda unabaki ndani ya deki, hautoki, na sisi tunarudi majumbani gizani huku tunajua lile dude limesimama mdomo wazi mule ndani linasubiri umeme urudi. Aisee nlikuwa silali.

Siku moja bibi alikuja kutusalimia kutoka Mvumi, akakaa na sisi akaangalia kimya mpaka dude limekula watu watatu, afu akamuuliza baba mdogo, "Mwanangu, na siku watu wasipopita, hilo linakula nini?" Baba mdogo akasimamisha mkanda. Sebule nzima tukaanza kujadili, wengine samaki, wengine eti linalala miaka, mzee mmoja wa dirishani akasema linakula madogo yake. Bibi hakuridhika na jibu hata moja. Usiku ule akatusimulia la kwake, zimwi lililomeza kijiji kizima na ng'ombe wao, mpaka lilipokatwa kidole kidogo watu wakamwagika kutoka humo mmoja mmoja, na akawa anaonyesha kwa mkono wake wanavyotoka, wamelowa. Ile ilikuwa na damu kuliko mkanda wowote niliowahi kuona mpaka leo. Ndo maana mtu akiniambia haya mambo ya mautumbo tumeletewa na wazungu huwa simwelewi kabisa.

Sasa kuhusu mkanda. Mle ndani ya deki zetu kichwa kinachosoma mkanda kinazunguka mara 1,500 kwa dakika, na ukisimamisha picha mkanda unatulia ila kichwa hakitulii, kinaendelea kukwangua palepale, ndo maana deki nyingi ukiiacha hivyo dakika kadhaa inajizima yenyewe. Kwahiyo sehemu ambayo watu wamesimamisha na kurudisha nyuma mara nyingi ndo inachakaa, inaanza kuleta chenga. Na chenga za mkanda wangu unajua zipo wapi? Zipo pale mwenye boti anapokatwa kiuno. Mazungumzo ya wapenzi ufukweni yapo safi kama jana, hakuna aliyewahi kuyarudia. Ina maana kabla yangu kuna sebule sizijui, labda Dodoma hii hii labda Singida huko, watu walipiga kelele palepale nlipopiga mimi, na mtu akasema rudisha. Simu haiwezi kunipa hicho kitu, kwenye simu kila anayeangalia ni wa kwanza.

Na madude yenyewe ni ya mkono. Peter Jackson wa New Zealand kabla hajawa mkubwa alitengeneza muvi inaitwa Bad Taste, ikatoka 1987, yeye na washkaji zake wakiishuti wikendi kwa miaka kama minne, na vinyago vya madude alikuwa anavioka kwenye oveni ya mama yake. Oveni ya mama jamani! Night of the Living Dead ya 1968 damu yake ni sharubati ya chokoleti, ilitosha maana picha haina rangi. The Evil Dead ya 1981 walitumia sharubati nzito ya mahindi ile chapa ya Karo. Nikijua hivyo uoga haupungui, ndo kwanza naangalia kwa makini zaidi, naona mshono wa mpira shingoni na nampenda aliyeushona. Dude la kompyuta linaweza likawa zuri sana, ila halijawahi kulowesha mtu yeyote.

Mwaka juzi likizo watoto wa dada walikuwa hapa, tukajaribu damu yetu. Rozela hapa haina shida, tukachemsha ikawa nyekundu kweli, ila nyepesi, inateleza usoni inaisha. Tukaongeza sukari, bado. Mkubwa wao akasema tuweke unga wa muhogo kama uji, hapo ndo ikashika, inatoka kwenye sponji ya godoro tuliyoifunga kama kidonda inashuka polepole kabisa, mpaka jirani aliyekuja kuomba chumvi alikimbia na ikabidi niende kumwomba samahani na kumwonyesha sufuria. Nilikaa na wale watoto siku mbili nzima juu ya tatizo la uzito wa damu na sijawahi kuona wakitulia hivyo kwenye kitu chochote.

Kuna aina sizitaki niseme wazi. Zile za mtu na kisu anawawinda wasichana, mmoja mmoja, polepole, hapana, zile ni watu na mambo hayo yapo kwenye taarifa ya habari. Mimi nataka dude, kitu chenye mikono sita ambacho hakuna mama wa mtu atakayeamka kesho akilia kwa ajili yake.

Basi ile Jumamosi usiku nimezima taa, upepo wa Dodoma unagonga bati, wife kakaa mbali anachambua mlenda wa kesho kama haangalii. Boti ikaja. Chenga zikaanza kwa chini zikapanda, nusu ya picha ikapotea, mwenye boti akakatwa ndani ya zile chenga unamwona humwoni, mlenda ukawa chini wote na mkono wangu umeshikwa mpaka kucha zimeingia.

Kakaa kimya kidogo.

"Hebu rudisha."

Nkarudisha.

"Tena."

Ya tatu chenga zilikuwa zimeongezeka kidogo.