Siku nane Ayalandi na sijaonja bia

Kila ninayemwambia nimetoka Ayalandi swali ni hilohilo, enhe, ile bia yao nyeusi ikoje? Sijui. Mi sinywi pombe, na bado kwa siku nane nimeingia baa kama kumi na nne hivi, nyingine mara mbili, na ngome na makanisa ya mawe nilipita tu kupiga picha kama wenzangu.

Manake baa ya kule ina mambo mengi kuliko bia. Nilianza kuelewa nilipofika Dingle, mji mdogo wa pwani huko Kerry, nikaingia sehemu inaitwa Foxy John's, upande mmoja kaunta ya vinywaji, upande wa pili misumari, nyundo na makopo ya rangi. Nikajua hili pambo la watalii, kumbe duka kweli. Zamani vijijini ndo ilivyokuwa, mwenye baa ndo huyohuyo muuza chai na sukari, na mara nyingi ndo huyohuyo anayezika watu. Mzee mmoja pale kaunta ndo alinieleza hayo, nikadhani ananitania, usiku nikasoma mwenyewe nikakuta ni kweli tupu: mwaka 1846 ilitungwa sheria kwamba maiti inayosubiri uchunguzi ipelekwe baa ya karibu, kwa sababu stoo ya chini inayotunza bia ndo sehemu yenye baridi kuliko zote kijijini, na sheria hiyo ilidumu mpaka 1962! Yaani watu wamekaa juu wanapiga stori na marehemu yuko chini na mapipa. Huko Fethard, Tipperary, kuna baa ya McCarthy's ambayo sifa yake ni hiyo, tunakulisha, tunakunywesha, tunakuzika.

Kitu kingine nilichokipenda ni kile kichumba cha mbao pembeni ya kaunta, watu watatu wanne mmejaa, kina mlango wake na kidirisha cha kupokelea kinywaji. Enzi hizo mwanamke kuonekana baa ilikuwa aibu kwa hiyo alikaa humo, padri naye humo, polisi aliyeko kazini humo humo. Mi nilikaa na birika la chai na hakuna aliyeniangalia vibaya, chai wanaleta bila hata kushangaa.

Aibu niliyoipata ni ya muziki. Nimeingia baa moja jioni nimechoka, naona kona ina viti vizuri vitupu nikakaa, watu wananiangalia tu. Baada ya dakika kumi anaingia jamaa na fidla, mwingine na filimbi, dada mmoja na ile ngoma yao bapa inaitwa bodhrán, wamesimama mbele yangu wanatabasamu. Kumbe ile kona ni ya wanamuziki, haina kibao chochote lakini kila mtu anajua. Nikahama na birika langu. Halafu pale hakuna jukwaa, wanacheza wakitazamana wenyewe kwa wenyewe kama vile sisi hatupo, mmoja anaanza wimbo wengine wanaudandia. Na ukikaa na wenyeji jua kuna raundi, kila mtu ananunulia meza nzima kwa zamu, nikalipa euro ishirini na kitu na mimi nimekunywa maji. Sawa tu.

Dublin sitaki kuirefusha. Posta kuu, ambako uasi wa 1916 dhidi ya Waingereza ulianzia, watu wote wanaenda, ila wengi hawavuki kwenda nyuma yake Moore Street, kasoko kaliobaki na mameza machache ya matunda na maua, akina mama wanaita wateja. Posta ilipowaka moto waasi walikimbilia mtaa huo, wakatoboa kuta za nyumba moja baada ya nyingine mpaka namba 16, na humo viongozi wakaamua kusalimu amri. Mi nilikuwa nachagua machungwa hapohapo. Newgrange nayo nilienda, kaburi la mawe la miaka elfu tano na kitu, kongwe kuliko hata piramidi za Giza, mwongozaji anazima taa mnabaki gizani halafu anawasha mwanga mmoja unaoingia taratibu kama jua la Desemba linavyopenya humo ndani. Hapo nilinyamaza kabisa.

Athlone nikaingia Sean's Bar, wanaodai wapo tangu mwaka 900. Mambo ya baa kudai ukongwe huwa nayachukulia juujuu, lakini walipokarabati mwaka 1970 walikuta ukuta wa fito na udongo, kipande wamekiweka wazi ukutani ukione. Sakafu imeinamia upande wa mto ili mafuriko yakiingia yatoke yenyewe, kiti changu kiliyumba saa nzima.

Kituo kinachofuata cha treni ni Ballinasloe, na ilikuwa Oktoba, gulio la farasi. Wanajigamba ati farasi wa Napoleon alinunuliwa pale, sitabishana nao. Tope mpaka kwenye vifundo, farasi wa madoa wenye manyoya marefu miguuni, na wauzaji wengi ni Travellers, jamii ya wahamaji ambao serikali iliwatambua rasmi kama kabila mwaka 2017 tu. Nilisimama kutazama biashara moja karibu nusu saa. Mnunuzi anataja bei, muuzaji anageuka kama ametukanwa, anaondoka, dalali anamkimbilia anamvuta mkono, anauvuta na wa mwenzie, anataka kuigonganisha kwa nguvu, huyu anachomoa, wanaanza upya. Mwisho mmoja akatema mate kiganjani, paa! wakagongana. Pesa ikahesabiwa, halafu muuzaji akachomoa noti moja akamrudishia mnunuzi, hiyo ni pesa ya bahati, bila hiyo farasi hatakufaa.

Mi nikanunua kofia ya sufu kwa mzee mmoja, euro 15, nikamuuliza kwa utani na yangu ya bahati iko wapi. Hakucheka. Akaingiza mkono mfukoni akanipa euro moja, akaifunga vidole vyangu juu yake, akaendelea na mteja mwingine.