Kumbukumbu ya seva ya nyumbani: bwana harusi aliyekwama mlangoni

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Tatizo lilijitokeza mbele ya mashahidi. Mama alikuwa ameketi sebuleni pamoja na shangazi wawili waliotoka Pangani, wakitazama harusi ya mdogo wangu kutoka kwenye seva yangu, yaani kompyuta inayotunza video zetu na kuzipeleka kwenye televisheni kupitia mtandao wa nyumbani. Picha ilikuwa imefika pale ambapo bwana harusi anasimama nje ya chumba cha bibi harusi, huku wanawake wa upande wetu wamemzibia mlango wakidai fedha ya kufunguliwa. Hapo hapo duara jeupe likaanza kuzunguka katikati ya skrini. Likatoweka, picha ikasogea kwa sekunde nne, likarudi. Baada ya mara ya tano mama akaniuliza, “Mwanangu, huyu bado hajalipa tu?” Shangazi wakacheka, nami nikatoka na rimoti mkononi bila jibu.

Kwa faida ya nitakayesoma daftari hili baadaye, seva yenyewe ni kompyuta mpakato ya mtumba yenye prosesa ya Core i3 ya kizazi cha pili, kile kilichoingia sokoni mwaka 2011, na kioo chake kimepasuka tangu mpwa wangu alipoikalia. Inaendeshwa na Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, juu yake nimeweka Jellyfin, programu inayozitoa video kwa televisheni, na video zote zimo kwenye diski ya nje ya terabaiti 2. Betri yake bado inahimili kama dakika arobaini, kwa hiyo umeme ukikatika seva haizimiki. Ruta ndiyo inayozimika, jambo linaloifanya seva iendelee kuwa macho bila ya mtu wa kuihudumia. Televisheni ni ya miaka mingi, mwisho wake ni 1080p, yaani picha ya mistari 1080, nasi tunaishi Tanga katika nyumba yenye kuta nene za tofali za saruji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuilaumu intaneti. Nilinunua kifurushi kikubwa zaidi usiku ule ule, kana kwamba harusi ilikuwa ikitoka Ulaya na si juu ya kabati la chumba cha wageni. Jumapili asubuhi ndipo nilipofanya jaribio ambalo lilistahili kutangulia: nilichomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, nikawasha video. Ilicheza, na ilikwama pale pale ilipokuwa ikikwama. Intaneti ikawa imejitoa katika kesi, na fedha ya kifurushi ikawa imekwenda.

Jumatatu na Jumanne

Niliamua kupima kabla ya kununua kitu kingine chochote. Faili la harusi lina fremu 50 kwa sekunde katika 1080p, na mpiga picha alilirekodi kwa kodeki (njia ya kuibana video) iitwayo H.264 kwa megabiti 50 kwa sekunde. Hicho ndicho kipimo nilichokibeba kichwani wiki nzima, kwa sababu kila kiungo kati ya diski na televisheni lazima kipitishe zaidi ya hapo, la sivyo mahali hapo ndipo penye shingo ya chupa.

Diski niliitilia shaka kwa sababu kompyuta hii ina matundu ya USB 2.0 tu. Nilipoipima ilisoma megabaiti 33 kwa sekunde, ambazo zikizidishwa kwa 8 ni megabiti 264, yaani zaidi ya mara tano ya zinazohitajika. Kosa lake ni moja tu: isipoguswa kwa muda hulala, na kuiamsha huchukua kama sekunde nane, jambo linaloeleza kwa nini mwanzo wa kila video ulikuwa mzito. Nilibadilisha mpangilio ili isilale saa za jioni, nikaendelea.

Waifai ndiyo iliyonishangaza. Niliweka iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwenye seva na kwenye kompyuta yangu ya kazini, nikaipandisha ile ya kazini juu ya kiti mbele ya televisheni, na kwa kuwa televisheni yetu inaijua waifai ya gigahezi 2.4 peke yake, niliilazimisha kompyuta itumie masafa hayo hayo. Saa tisa alasiri nilipata megabiti 18 kwa sekunde. Saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamerudi, nilipata 7. Nilipoyachungulia mazingira nikakuta mitandao kumi na moja, na saba kati yake imesongamana kwenye chaneli ya 6, pamoja na yetu. Chaneli zisizoingiliana katika masafa hayo ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11. Kuhamia ya 11 kulinipandisha hadi megabiti 24 usiku. Ni nafuu ya kweli, lakini ni nusu tu ya 50, na ukuta wa saruji haushawishiki kwa kubadilishiwa chaneli.

Kilichonipoteza kwa siku mbili ni kwamba dashibodi ya Jellyfin ilikuwa ikisema jambo jingine kabisa. Ilionyesha kwamba video haichezwi moja kwa moja bali inatranskodiwa, yaani seva inaifumua na kuisuka upya katika umbo dogo zaidi wakati huo huo inapotazamwa, na prosesa ilikuwa imefika asilimia 100. Nikajiambia kwamba basi tatizo ni prosesa. Ilibidi nisome sababu iliyoandikwa chini yake ndipo nielewe: kiwango cha biti cha faili, yaani megabiti zake kwa sekunde, kilizidi kikomo kilichowekwa. Sikuwa nimeweka kikomo chochote. Programu ya kwenye televisheni, ikiwa imeachiwa ichague ubora yenyewe, hupima mtandao kwanza, na ikiona ni mwembamba huiomba seva iipunguzie mzigo. Kwa hiyo waifai mbovu ndiyo iliyoizalia prosesa kazi, na prosesa iliposhindwa kazi hiyo, mimi nilimkamata prosesa nikamwacha aliyemtuma.

Jumatano hadi Ijumaa: kebo

Nilinunua mita 25 za kebo ya mtandao na vichwa sita, viwili vya kutumia na vinne vya kuharibu, nikaipitisha juu ya dari tangu kwenye ruta hadi nyuma ya televisheni. Dari mwezi huu ni tanuri. Atakayefuata nyayo zangu apande alfajiri. Seva nayo niliiunganisha na ruta kwa waya mfupi.

Nilipoichomeka kebo kwenye kompyuta ya kazini ili niipime, ethtool, amri inayoonyesha kasi ya waya, ilisema kasi ni megabiti 100 kwa sekunde, ilhali pande zote mbili zina uwezo wa gigabiti 1. Nilikikata kichwa kimoja nikakitazama kwa tochi ya simu: waya wa rangi ya buluu haukuwa umefika mwisho wa plastiki, ulisimama kama milimita mbili nyuma ya meno. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, ya chungwa na ya kijani, ila gigabiti hutaka jozi zote nne, na ndiyo maana kebo ilifanya kazi kwa ulegevu badala ya kukataa kabisa. Nilifunga kichwa kipya na gigabiti ikapatikana. Lilikuwa kosa la kweli, lakini si mkosaji tuliyekuwa tukimtafuta, kwa kuwa tundu la mtandao la televisheni yenyewe halivuki megabiti 100, kama lilivyo kwenye televisheni nyingi. Hata kwa kichwa kile kibovu zingepita megabiti kama 94 halisi.

Ijumaa usiku harusi ilicheza moja kwa moja, prosesa ikiwa kwenye asilimia 4. Bwana harusi alilipa akaingia.

Wiki ya pili

Furaha ilidumu hadi kwenye nasaha za babu. Mama hasikii vizuri sikio la kushoto, na babu husema kwa sauti ya chini, hivyo miezi iliyopita nilikaa na sehemu hiyo nikaandika maneno yake yote ili yaonekane chini ya picha, kwa herufi kubwa za njano zenye ukingo mweusi, nikayahifadhi katika umbo la ASS kwa sababu ndilo linaloruhusu mapambo hayo. Nilipoyawasha, duara jeupe likarudi.

Dashibodi ilionyesha tena kutranskodi, sababu safari hii ikiwa ni maandishi. Programu ya televisheni yetu haiwezi kuyachora maandishi ya ASS, kwa hiyo seva hulazimika kuyachoma ndani ya picha yenyewe, na ili kufanya hivyo hakuna budi kuifumua kila fremu na kuisuka upya, hata kama fremu hiyo haina neno hata moja. Katika kumbukumbu za FFmpeg, programu ambayo Jellyfin huitumia kwa kazi hii, mstari wa mwisho ulikuwa ukijirudia na tarakimu ile ile: 0.71x. Ukiiona tarakimu hiyo huhitaji tena kubahatisha. Maana yake ni kwamba sekunde kumi za harusi hutengenezwa kwa sekunde kumi na nne, na televisheni hula akiba iliyopo, kisha hukaa kusubiri.

Nilijaribu kuipa kazi hiyo sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, nikamwingiza mtumiaji wa Jellyfin kwenye kundi la render ili aruhusiwe kuigusa, nikapoteza jioni nzima na madereva ya zamani. Suluhisho lilikuwa dogo kuliko jitihada zangu: niliyageuza maandishi kuwa SRT, umbo la maandishi matupu ambalo televisheni hulipokea pembeni na kulichora yenyewe. Njano yangu imepotea, na ninakiri imeniuma kidogo. Herufi kubwa nimezipata kwenye mpangilio wa programu ya televisheni.

Zilibaki video za simu, ambazo hazikuwahi kucheza hata dakika moja. Dada yangu alirekodi upande wa wanawake kwa 4K, picha yenye nukta mara nne ya 1080p, na simu yake huhifadhi kwa HEVC, kodeki iliyokuja baada ya H.264, ya biti 10 yenye rangi za HDR, yaani rangi na mwanga wa upeo mpana kuliko wa kawaida. Mafaili hayo si mazito, kwani dakika moja ni megabaiti 170 hivi, yaani takriban megabiti 23 kwa sekunde. Uzito wake uko kwenye kuyafumbua. Televisheni haiijui HEVC. Prosesa za Intel zilianza kuifumbua HEVC ya biti 10 kwa maunzi katika kizazi cha saba, na yangu ni ya kizazi cha pili. Kumbukumbu zilisema 0.19x. Sekunde kumi kwa karibu dakika nzima: hapo hakuna kebo itakayosaidia.

Njia ilikuwa ama kununua mashine mpya ama kuifanya kazi hiyo mara moja tu, kabla ya mtazamaji kuketi. Nilichagua ya pili. Kompyuta ya kazini ina nguvu zaidi, nikaiachia usiku kucha igeuze saa 9 na dakika 40 za video kuwa H.264 ya 1080p. Asubuhi nilikuta kila kitu kimekamilika na kila mtu amepauka, gauni jekundu la bi harusi limekuwa kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Nilikuwa nimesahau kuzishusha rangi za HDR hadi kwenye upeo wa kawaida, na bila hatua hiyo H.264 hubeba tarakimu za rangi ambazo televisheni ya kawaida huzitafsiri vibaya. Nikaongeza kichujio kinachohusika, nikajaribu kwanza kwa sekunde thelathini, kisha nikarudia yote usiku uliofuata. Mafaili asili nimeyatunza kwenye diski nyingine.

Jumamosi, wiki ya pili

Shangazi mmoja bado yupo. Baada ya alasiri walikaa tena, waya ukiwa umebanwa ukutani na maandishi yakiwa tayari. Nilikaa jikoni na simu, nikiitazama dashibodi badala ya harusi: moja kwa moja, asilimia 5, hakuna kilichotranskodiwa. Kutoka sebuleni nikasikia vigelegele vya mlangoni vikipanda na kukatika, halafu sauti ya mama: “Ah, safari hii kapita upesi mno! Irudishe nyuma, mwanangu, sijamwona aliyepokea zile fedha.”

Nilirudisha dakika tatu nyuma. Ilichukua sekunde moja hivi.