Shilingi 245 na Senti 90

Jumamosi iliyopita nilinunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, na kwa kuwa ilikuwa mara yangu ya pili mwezi huo, kodi ya jengo haikuwamo. Ujumbe ulioniletea tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita ulikuja na mchanganuo ambao wengi wetu hapa Tanga hatuusomi, kwa sababu tunakimbilia namba kabla friji halijayeyuka: umeme wenyewe shilingi 8,196.72, kodi ya ongezeko la thamani 1,475.41, EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji) 81.97, na mwisho kabisa REA 245.90. Huo mstari wa mwisho ndio ulionifanya nikae kuandika, kwa kuwa ni asilimia 3 ya bei ya umeme ambayo kila mteja wa gridi huichangia ili umeme ufike vijijini, na sehemu ya fedha za namna hiyo ndiyo hutumika kuwashawishi watu binafsi, mashirika ya dini na vikundi vya wanakijiji wajenge mitambo midogo ya maji.

Nina sababu ya binafsi ya kulifuatilia jambo hili. Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikikisaidia kwa mahesabu kikundi cha majirani wa shamba letu la urithi, katika kijiji kimoja cha milimani upande wa Amani, wilayani Muheza, ambao wana mto mdogo, wana mteremko mzuri, na wana ndoto ya kufunga mtambo na kuiuzia gridi ya taifa umeme unaobaki. Mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu, si fundi, na kwa hiyo swali langu la kwanza halikuwa juu ya mtambo. Nilitaka kujua motisha inayosemwa kila siku kwenye semina inatoka mfuko gani, na mfuko huo ukikauka nani atamlipa mzalishaji.

Nimesoma jinsi Wamarekani walivyofanya, na mfano wao unafundisha kuliko walivyokusudia. Sheria yao ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005, katika kifungu cha 242, iliahidi kumlipa mzalishaji wa umeme wa maji senti 1.8 za dola kwa kila uniti (kilowati moja kwa saa moja), kiwango kinachorekebishwa kadiri mfumuko wa bei unavyopanda, kwa muda wa miaka 10, mradi awe amefunga mtambo kwenye bwawa au mfereji uliokuwapo tayari. Wazo lilikuwa la busara. Nchi ile ina zaidi ya mabwawa 90,000, mengi yakiwa ya umwagiliaji, ya kuzuia mafuriko au ya maji ya kunywa, na yanayozalisha umeme hayafiki asilimia 3. Ukuta upo, maji yanaanguka bure, kinachokosekana ni mashine. Hata hivyo, sheria ilipopita, Bunge lao halikutenga fedha, na ahadi ikakaa kwenye karatasi hadi mwaka 2014, zilipotolewa dola milioni 3.6 za kwanza, ambazo waombaji waligawana kwa uwiano wa uniti walizozalisha. Fikiria mtu aliyekopa mwaka 2006 akitegemea senti zile. Ilikuwa ni sheria ya miundombinu ya Novemba 2021 iliyomwaga fedha za kueleweka: dola milioni 125 kwa malipo hayo ya kila uniti, milioni 75 kwa wanaoongeza ufanisi wa mitambo yao, na milioni 553.6 kwa wanaokarabati mabwawa na kuyaboresha.

Nilifanya hesabu ndogo usiku mmoja umeme ulipokuwa umekatika, jambo ambalo lilinichekesha. Kwa mwaka, kituo kimoja cha Marekani hakiwezi kulipwa zaidi ya dola milioni 1. Kwa senti 1.8 kwa uniti, kituo kitakachokifikia kikomo hicho kinazalisha uniti zipatazo milioni 55.5, yaani wastani wa kilowati 6,300 usiku na mchana bila kupumzika. Mtambo wa majirani zangu, kwa makadirio ya masika, ungetoa kilowati 55. Ukifanya kazi nusu ya uwezo wake kwa mwaka mzima, ungezalisha uniti kama 240,000, na motisha ya Kimarekani ingewapa dola 4,300 hivi. Fedha hiyo inalipa mlinzi na grisi. Haijengi banio la kukinga maji mtoni, wala hainunui bomba la chuma la kuteremsha maji mlimani. Malipo ya kila uniti humfaa aliyekwisha kujenga, na ambaye bado anatafuta saruji hubaki akiyasoma kwenye magazeti.

Jirani zetu wa Uganda, ambao siku hizi tunaonana nao Chongoleani kwa sababu ya bomba la mafuta, waliliona tatizo hilo wakalijibu kwa namna yao. Mpango wao wa GET FiT, ulioanza mwaka 2013 kwa fedha za wafadhili zilizosimamiwa na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, uliongeza juu ya bei ya kawaida nyongeza ya senti 1.4 za dola kwa uniti ya umeme wa maji. Kilichonivutia ni jinsi walivyoitoa: nyongeza ilikokotolewa kwa miaka 20 ya mkataba, lakini ikalipwa yote katika miaka mitano ya mwanzo ya uzalishaji, pale ambapo mwenye mtambo anabanwa na marejesho ya mkopo. Mitambo ikajengwa kweli. Baadaye ikaonekana kwamba katika baadhi ya maeneo njia za kusafirisha umeme zilichelewa kuliko mitambo yenyewe, lakini hilo ni kosa la kupanga, na wala halikutokana na motisha kuwa ndogo.

Hapa kwetu tulichagua njia nyingine. Baada ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, EWURA iliweka utaratibu wa wazalishaji wadogo, wale wasiozidi megawati 10, na ukatolewa mkataba wa mfano wa mauziano ili mtu wa Mufindi au wa Mbinga asianze majadiliano upya kila mara. Bei ya mwanzo ilifuata gharama ambayo TANESCO, shirika la umeme la taifa, ingeiepuka kwa kununua umeme huo badala ya kuuzalisha yenyewe, na kwa waliounganishwa na gridi ilikuwa na misimu miwili: ya juu kuanzia Agosti hadi Novemba, ya chini miezi mingine. Mwaka 2015 utaratibu huo ukabadilishwa, zikawekwa bei zinazotegemea aina ya teknolojia na ukubwa wa mtambo, mdogo akipata zaidi kwa kila uniti kuliko mkubwa. Aliye chini ya megawati 1 hahitaji hata leseni. Juu ya hayo, Wakala wa Nishati Vijijini, yaani hiyo REA ya kwenye ujumbe wangu, ulitoa ruzuku ya dola 500 kwa kila mteja mpya wa kijijini aliyeunganishwa na mzalishaji mdogo, kupitia mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Haya si maneno matupu: Mwenga, kule Mufindi, ilianza mwaka 2012 ikiwa na megawati 4 na inawasha vijiji, na masista Wabenediktini wa Songea wana Tulila yao ya megawati 5.

Tatizo ni mfuko. Ujerumani ilipoanza kuwalipa wazalishaji wadogo bei nzuri, kwa miaka mingi mzigo ulibebwa na wateja kupitia tozo iliyoonekana kwenye ankara, mpaka Julai 2022 ulipohamishiwa bajeti ya serikali. Marekani mzigo uko Hazina. Hapa, sehemu kubwa ya motisha imo ndani ya bei yenyewe, na bei hiyo analipa mnunuzi mmoja, TANESCO, ambaye naye analazimika kumuuzia bibi yangu wa Pangani uniti moja kwa shilingi 100 maadamu hazidi uniti 75 kwa mwezi. Ukame wa mwaka 2011 ulipomsukuma mnunuzi huyo kwenye umeme wa dharura wa mafuta, madeni yalimlemea, na ni rahisi kuona nani husubiri mwisho kwenye foleni ya wadai: anayeuza megawati 1 kutoka mlimani, asiye na mwanasheria Dar es Salaam. Mimi sina ugomvi na kumlinda bibi. Ninachosema ni kwamba unafuu wake na motisha ya mzalishaji vinachotwa kwenye kisima kimoja, na kisima hicho hakina kamba mbili.

Nililielewa hili vizuri zaidi tulipokwenda kuomba mkopo katika benki moja mjini, jina lake naliacha. Afisa mikopo, kijana mwenye heshima, alilipitia andiko letu ukurasa kwa ukurasa, akatusifu kwa mpangilio, kisha akauliza: "Wazee wangu, mnunuzi akichelewa kulipa miezi sita, marejesho yangu nayapata wapi?" Tulitazamana. Mwenyekiti wetu akasema umeme ni wa serikali, serikali haikimbii. Kijana akatabasamu, akasema ni kweli haikimbii, ila riba nayo hailali. Hakuuliza hata mara moja bei ya uniti ni shilingi ngapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na maoni ambayo najua hayatapendwa na wote: badala ya kupandisha bei ya kununulia umeme wa maporomoko madogo, sehemu ya ile asilimia 3 iwekwe kama dhamana, itakayomlipa mzalishaji mdogo pale tu malipo yake yanapochelewa kupita siku zilizotajwa kwenye mkataba, kisha mfuko urejeshewe na mnunuzi. Kwa mwenye kilowati 55, uhakika wa malipo ya tarehe 30 una thamani kuliko senti mbili za ziada zitakazofika mwakani. Watu hawaogopi kutoa fedha zao wanapoona njia ya kuzirudisha; mwaka 2024 hatifungani ya kijani (njia ya kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi inayojali mazingira) ya Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, ilitafuta shilingi bilioni 53.12 na ikapata zaidi ya ilizotafuta.

Inafaa kukumbuka pia kwamba umeme wa maji katika mkoa huu haukuanza kwa senti za nyongeza. Mtambo wa zamani wa Maporomoko ya Pangani ulijengwa miaka ya 1930, wakati mashamba ya mkonge yalihitaji nguvu ya kuzungusha korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, nao mji wa Tanga ukafaidika pamoja nayo. Motisha ya siku hizo ilikuwa mteja anayejulikana, aliye karibu, na anayelipa. Baada yake ikaja Hale mwaka 1964, megawati 21, na Pangani mpya ya megawati 68 katikati ya miaka ya 1990, kwa fedha za nchi za Nordiki.

Lipo jambo moja ambalo hakuna motisha itakayolitengeneza. Mwezi Septemba nilipanda kijijini kupima maji. Tunapima kwa njia ya zamani: tumechagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, mita 10 kati ya vigingi viwili, tunatupa chungwa kigingi cha juu na kuhesabu sekunde mpaka lifike cha chini. Muheza yote ni machungwa, kwa hiyo kifaa hakikosekani. Nilimkuta mzee anayeangalia mfereji amepiga goti kwenye banio, akikokota majani kwa reki kutoka kwenye chujio la nondo, majani meusi yaliyolowa ambayo yalinuka kama chai iliyolala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Umekuja na saa?"

Aprili chungwa lilikuwa limekwenda mita 10 kwa sekunde 12, mfereji ukiwa na upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 40. Ukipunguza kidogo kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, unapata lita zipatazo 210 kwa sekunde, na kwa anguko la mita 40 ndipo zinapotoka zile kilowati 55. Safari hii kina kilikuwa sentimita 20, na chungwa lilichukua sekunde 20. Ni lita 64 tu. Kilowati zinabaki kama 17 hivi. Kwa utaratibu ule wa mwanzo Septemba ilikuwa katika miezi ya bei ya juu, na ninaelewa mantiki yake, kwamba umeme wa kiangazi una thamani zaidi kwa gridi, lakini mto umepoteza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu na hakuna bei ya msimu inayopanda kiasi hicho. Andiko letu la kwanza lilitumia kipimo cha Aprili peke yake. Nikiwa mtu wa mahesabu, naona aibu kulikiri hilo.

Mzee aliandika namba kwenye daftari lake la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, chini ya vipimo saba vilivyotangulia. Tumekubaliana tufikishe vipimo 12, mwezi kwa mwezi, ndipo turudi kwa yule kijana wa benki tukiwa na mto wa mwaka mzima badala ya mto wa masika. Kila kipimo kinakula machungwa matatu, kwa sababu tunatupa mara tatu na kuchukua wastani, na watoto wanaosubiri kwenye kigingi cha chini hawajawahi kurudisha hata moja.