Siku ya karani wa wakili Malindi, na mzee aliyetaka kupanda hadi kwa majaji saba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahamri, mbaazi za nazi, na simu mkono wa pili nikitazama orodha ya kesi za leo. Mimi ni karani wa wakili. Si wakili, ingawa mtaani Maweni wananiita hivyo na nimechoka kuwakosoa. Kazi yangu ni kuwasilisha hati, kulipia, kufuatilia faili, kupeleka notisi kwa upande wa pili, na kutuliza wateja. Hilo la mwisho ndilo linalokula siku.

Saa mbili kasoro. Nashuka kwenye tuktuk mlangoni mwa ofisi na kumkuta mzee wa Marafa keshakaa kwenye benchi, kofia mapajani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Mombasa wameninyima. Sasa nataka kwenda kule juu kabisa.”

Kesi yake ni ya shamba. Amelima pale miaka mingi, mwenye hati miliki akajitokeza, naye akadai ardhi imekuwa yake kwa kuikalia zaidi ya miaka 12 bila ruhusa na bila kufukuzwa, kama sheria ya Kenya inavyokubali. Mahakama ya Mazingira na Ardhi haikuridhika na ushahidi wa lini aliingia. Ijumaa iliyopita Mahakama ya Rufaa imesema vivyo hivyo. Leo ni Jumatano. Kule juu anakotaka ni Mahakama ya Juu, na kwa kanuni zake za 2020, notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 30 baada ya notisi. Kwa hiyo mwisho wa notisi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Naandika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya faili kabla hata sijamwitia chai.

Saa tatu. Mahakamani. Kesi tatu za kutajwa, zote zimepewa tarehe nyingine. Nusu ya mawakili wako kwenye video. Siku hizi hati nazo zinawasilishwa kwa mtandao na malipo yanapita kwenye simu, lakini ukumbini bado kumejaa watu, maana mtu wa Gongoni aliyeshtakiwa anataka kuona uso wa anayemhukumu, na namuelewa.

Saa nne na nusu. Mzee amenifuata hadi kwa muuza kahawa. Anaagiza chungu, anakataa kashata, kisha anauliza swali ambalo wateja wengi hawaulizi.

“Hao wa juu ni akina nani? Rais ndiye anawaweka?”

Namwambia anawateua, ila hachagui apendavyo. Katiba ya 2010 iliweka Mahakama ya Juu yenye majaji saba: Jaji Mkuu ambaye ndiye rais wa mahakama hiyo, naibu wake, na wengine watano. Nafasi ikitokea, Tume ya Huduma za Mahakama inaitangaza, watu wanaomba, wanahojiwa hadharani, na jina linalopatikana linapelekwa kwa Rais. La Jaji Mkuu na naibu wake linapita kwanza Bungeni. Anayeomba awe na uzoefu wa miaka 15 katika kazi ya sheria au ualimu wa sheria chuoni. Mwisho ni umri wa miaka 70, na Jaji Mkuu hazidishi miaka kumi kitini hata kama bado kijana.

“Na hiyo Tume?”

Kumi na mmoja. Jaji Mkuu ni mwenyekiti. Kuna majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliopigiwa kura na mawakili, Mwanasheria Mkuu, mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawili wa kuwakilisha wananchi ambao si wanasheria. Mzee alipendezwa na hao wawili. Mimi nilipendezwa na mahojiano ya 2021 yaliyompa Martha Koome kiti: tuliyatazama ofisini kazi zikalala, mtu mzima aliyewahukumu wengine anaulizwa kuhusu mali yake na hukumu zake, jasho likimtoka. Nadhani Katiba ile haijaleta kitu kizuri kuliko hicho.

Si kwamba siasa haiingii. Mwaka 2019 Tume ilipeleka majina ya majaji wa Mahakama ya Rufaa na wa mahakama za ardhi na kazi. Rais Uhuru Kenyatta alikaa nayo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita. Hao sita waliteuliwa na William Ruto Septemba 2022, alipoingia tu. Muda wote huo, kesi za ardhi za watu kama mzee huyu zilisubiri foleni.

“Mimi namkumbuka Maraga,” mzee akasema. “Redio ilikuwa mkononi.”

Nani asiyemkumbuka David Maraga, Jaji Mkuu wa wakati ule? Tarehe 1 Septemba 2017, uchaguzi wa rais ulifutwa kwa kura nne dhidi ya mbili. Waliosikiliza walikuwa sita kwa sababu mmoja aliugua, na sheria inataka wasipungue watano. Wachache wanakumbuka tarehe 25 Oktoba mwaka uleule. Kulikuwa na ombi la kusimamisha marudio ya uchaguzi yaliyopangwa kesho yake. Waliopatikana ni Maraga na Jaji Isaac Lenaola peke yao, na Maraga akatangaza kwamba idadi haikutimia. Ombi halikusikilizwa na uchaguzi ukafanyika. Mahakama kubwa kuliko zote nchini, na jambo likaamuliwa na viti vitupu. Mzee akatikisa kichwa akaagiza kikombe kingine.

Nikampa na ya kwetu. Watu watatu waliohukumiwa kwa wizi wa mabavu walikata rufaa Mahakama Kuu hapa Malindi, mbele ya majaji wawili, mmoja wao akiwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wakapinga: jaji wa ardhi anafanya nini kwenye jinai? Jambo likapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo Mei 2017 ikasema mahakama hizo ni za hadhi moja lakini kila moja ina kazi yake, na jaji wa ardhi hawezi kukaa kwenye rufaa ya jinai. Rufaa ikarudi kusikilizwa upya. Ndiyo maana mimi nikipata orodha ya kesi, kitu cha kwanza kutazama ni nani ameketi.

“Basi kama wale walifika, nami nitafika,” mzee akasema, akatabasamu. Nikajilaumu kimoyomoyo kwa kupiga domo.

Saa saba. Swala, wali na samaki. Saa nane stima imekatika. Saa tisa imerudi.

Saa kumi jioni. Wakili ametoka mahakamani, anamkaribisha mzee ndani, nami nakaa pembeni na daftari. Anamweleza polepole. Kule hufiki kwa sababu tu umeshindwa huku chini. Ama kesi iwe ya kufasiri Katiba, ama upate cheti kwamba ina jambo linalowahusu watu wengi nje ya wewe na jirani yako. Lini uliingia shambani ni ushahidi, na mahakama mbili zimeshaupima. Ukishindwa tena, gharama za upande wa pili ziko juu yako.

Mzee hakubishana. Aliuliza bei, akaitaja tena kwa sauti, kisha akauliza kama kuna wengine Marafa nzima wenye shida kama yake. Wakili alinyamaza kidogo, akavuta ile hukumu, akaanza kuisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza.

Saa kumi na moja na nusu. Mzee amepanda matatu. Atarudi Jumatatu na wanawe. Rasimu ya notisi nimeshaiandika, ikisubiri neno lao.