Siku nne nafungua mlango usio wangu

Nilitaka picha zilizo kwenye kompyuta ya nyumbani zionekane hata ukiwa mbali. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: "Fungua poti kwenye ruta, kaka, imeisha hiyo." Haikuisha. Ilinila siku nne.

Nina laptopu ya zamani, kioo kimepasuka, inakaa juu ya kabati la vyombo ikihifadhi picha za ukoo mzima kwa Immich, programu ya kutunza picha kwenye mashine yako mwenyewe. Ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, safi kabisa. Tatizo mimi niko Tabata, mama yuko Tanga, na anataka kuona wajukuu.

Basi nikafungua poti, yaani milango yenye namba ambayo data hupitia. 443, halafu 80, halafu 8443 nikiwa nimeshakata tamaa. Nikazima ruta, nikawasha. Nikazima hadi fayawoli ya laptopu, ukuta wake wa ulinzi (usicheke). Kila nikijaribu kwa bando la simu, kiduara kinazunguka tu. Usiku wa nne ndipo nikaangalia anwani ya IP (namba ya kuitambulisha mtandaoni) ambayo ruta yenyewe imepewa upande wa nje: inaanza na 100.72. Tovuti ya kuangalia IP inasema 41 na kitu. Nikakaa chini. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni za ndani kwa mtoa huduma. Wateja kibao tunachangia anwani moja ya nje. Kumbe nahangaika na mlango wa chumba changu, na geti la jengo limefungwa na funguo sina.

Nikahamia njia nyingine: handaki (tunnel) la kampuni ya Cloudflare. Kwenye handaki, seva yako, kwangu ile laptopu, ndiyo inayopiga simu kwenda nje na laini haikatwi. Mgeni akija anapitishiwa humo humo. Poti hata moja haifunguliwi. Nikanunua kikoa (jina la tovuti), elfu thelathini na ushee kwa mwaka, nikaweka cloudflared, programu ya handaki hilo, kwenye Docker, inayoendesha kila programu ndani ya boksi lake liitwalo kontena; taa ya kijani ikawaka. Nafungua: kosa la 502, yaani handaki halijaipata Immich.

Nilikuwa nimeandika localhost:2283, yaani "mashine hii hii", poti 2283. Sasa cloudflared yuko ndani ya kontena lake, kwa hiyo localhost kwake ni kontena hilo hilo. Ni kama kumtuma mtoto dukani ukamwambia "nenda hapo ulipo". Nikaandika immich-server:2283, makontena yote mawili yakiwa mtandao mmoja wa Docker, ikafunguka papo hapo. Nilipiga kelele, jirani akagonga ukuta.

Na anayekwambia handaki peke yake ni ulinzi, muulize mlinzi ni nani. Mimi nimeweka Access ya Cloudflare mbele: barua pepe za watu sita tu, kila mmoja anatumiwa namba ya kuingilia. SSH, njia ya kuendesha laptopu kwa mbali, sikuipitisha huko kabisa, ipo kwenye Tailscale, mtandao binafsi wa vifaa vyangu. Video ya harusi ya shemeji iligoma kupanda, maana mpango wa bure wa Cloudflare unapokea MB 100 kwa mkupuo na mimi sikusoma. Kubwa kubwa napakia nikiwa nyumbani.

Juzi mama kapiga.

"Mwanangu, hii namba iliyokuja kwenye simu?"

"Iandike hapo kwenye kisanduku, mama. Usimpe mtu."

"Ah. Nimeshamtumia shangazi yako."